Bibi wa Pomerania na Ndiyo Zangu

Mimi nina mdomo. Naanza na hilo msije mkanionea huruma mapema. Nyumbani Tanga walikuwa wakiniona nimekaa kimya kwa dakika tano wananiuliza naumwa wapi. Sasa mtu wa namna hiyo mlete Stockholm, mpe chumba na sebule kule Akalla, binti yake wa pekee ahamie mji mwingine, halafu mpe kazi ya kuhudumia wazee majumbani, ambako kila ziara ina dakika zake za kuhesabiwa. Miaka ya mwanzo nilidhani nitapasuka.

Kwa Bibi nilipewa nusu saa kila asubuhi. Nafika, nagusisha simu kwenye kidude kilichobandikwa mlangoni ili ofisini wajue nimeingia, namwogesha, namvalisha, nampa dawa na uji wa shayiri, nagusisha tena, natoka. Alikaa Rissne, kitongoji cha Sundbyberg hapo hapo Stockholm, ghorofa ya tatu, peke yake. Nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza, kwa Kiswahili hiki hiki, maana kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake tupu kama wanavyofanya wenzangu wa Kiswidi, ulimi wangu unakataa katakata. Aliniuliza maana yake, nikamweleza. Akasema sawa, yeye hana mjukuu, atanichukua mimi.

Wakati huo Kiswidi chake kilikuwepo bado, chenye lafudhi nzito, lakini cha mtu aliyeishi humu miaka sitini. Alinieleza kwamba alizaliwa Pomerania, kwenye pwani ya bahari ya Baltiki, upande ambao leo ni Poland. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha Wajerumani wa kule walifukuzwa wote, kijiji kwa kijiji, na yeye alikuwa kitoto cha kushikwa mkono. Jambo hilo alilisema mara moja tu, akigeukia dirishani. Lakini lingine alilisema kila wiki. "Mimi nimeshahamishwa mara moja, inatosha. Humu ndani nitatoka nimebebwa." Na anapiga meza kwa kiganja. Nilimpenda kwa ajili ya ile meza.

Msimu wa majani kudondoka akapata kiharusi. Kidogo, walisema hospitalini, na kweli aliporudi miguu ilitembea na mikono ilishika kijiko. Kilichokwenda ni Kiswidi. Kilifutika chote, hata neno la maji. Akabaki na lugha ya utotoni mwake, ile aliyoizungumza na mama yake kabla ya kufukuzwa, na hiyo hakuna aliyeijua. Ana mtoto mmoja, mwanamume wa miaka sitini na kitu aliyekuwa akiishi Uppsala, na hata yeye alikuwa hajui neno. Mama yake hakuwahi kumfundisha. "Alikuwa akisema ni lugha ya watu wasiokuwepo," aliniambia.

Ofisini wakatafuta mkalimani wa Kijerumani, akapigiwa simu, ikawekwa mezani ili amsikilize. Bibi akasema, akasema, akacheka mwenyewe, akasema tena. Mkalimani akajibu kwamba hiki si Kijerumani anachokijua yeye, anadaka neno moja moja tu. Basi kwenye faili ikaandikwa kwamba mteja anatoa maneno yasiyoeleweka. Hivyo tu! Mtu ana lugha nzima mdomoni, anaandikiwa hivyo.

Hilo liliniudhi kwa sababu zangu. Bibi yangu mzaa mama alisema Kimtang'ata, Kiswahili cha upande wetu wa pwani, na mwalimu mmoja mgeni alitufundisha kwamba kile ni Kiswahili kilichoharibika. Nilikuja kusoma baadaye kwamba Wajerumani nao wako hivyo hivyo. Watu wa tambarare za kaskazini wana Kijerumani chao, wenyewe wanakiita cha Chini, si kwa kudharau bali kwa sababu nchi yao iko chini karibu na bahari. Kina matawi mengi, na tawi la Pomerania lilikuwa moja, lenye vijiji vyake na utani wake. Watu walipotawanywa, tawi nalo likaisha nguvu. Waliobaki na lugha hiyo leo wengi wako Brazili, wajukuu wa wakulima waliohamia huko zamani. Brazili! Na mmoja wao, Rissne, ghorofa ya tatu.

Tatizo likawa hili. Yule mama wa manispaa anayepanga misaada ya wazee alisema mwisho wa majira ya baridi atakuja kuamua kama Bibi abaki kwake au apelekwe nyumba ya kufungiwa, zile za wazee waliopoteza kumbukumbu zao, ambazo mlango unafunguliwa kwa namba. Mtoto wake alikuwa ameanza kukubali. Alichoka, alikuwa akija Jumapili anakaa mbele ya mama yake kama mtu anayesubiri basi. Bibi angehamishwa tena, na safari hii asingekuwa hata na lugha ya kusema hataki.

Mimi nilijua haropoki. Anayeropoka hangoji jibu. Bibi alikuwa akisema jambo, anasimama, ananitazama usoni, anangoja. Nikajiambia, we mwanamke, mbona una mdomo na mtu anangoja? Nikaanza kumjibu kwa Kiswahili.

Jamani, zile asubuhi. Yeye na chake, mimi na changu. Nilimweleza jirani yangu wa Akalla anayenitilia karatasi mlangoni eti natwanga viungo kwa kelele. Nilimweleza habari za marehemu mume wangu, nyingine sikuwahi kumwambia mtu. Naye alieleza yake, mikono ikipanda na kushuka, wakati mwingine anashusha sauti kabisa, tukawa kama tunasengenya. Tukicheka, tunacheka pamoja. Kilichotuchekesha, Mungu ndiye ajuaye.

Semeni mtakavyo, lakini nilikuwa na kiu. Kiswahili kipo Stockholm, sikatai. Kuna Warundi, kuna Wakongo, Wakenya, na sisi wenyewe, tukikutana kila mtu na chake, huyu anatia Kifaransa, yule Kiingereza, na tunaelewana. Kosa ni langu. Kwenye harusi moja Norsborg nilimsahihisha mama mmoja Kiswahili chake mbele za watu, mama wa heshima zake, kwa kiherehere tu. Tangu siku hiyo mialiko ikakauka, na mimi kuomba radhi nikaona kazi. Binti yangu hupiga simu Jumapili. Nasema kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiswidi, mwisho nami nahamia Kiswidi ili asikate upesi. Kwa hiyo kwa siku nzima, nje ya ile nusu saa ya Bibi, sikuwa nasema lugha yangu na kiumbe yeyote. Nilikuwa mpweke, basi. Hakuna njia nyingine ya kulisema.

Kila nilipomaliza kazi na kuinama mlangoni kuvaa viatu, Bibi alikuwa akinishika mkono wa koti na kuniuliza swali. Lile lile kila siku, nililijua kwa mwendo wake, fupi, lenye kupanda mwishoni. Nami namjibu, "Ndiyo, Bibi. Ndiyo." Natikisa na kichwa. Uso wake unatulia, ananiachia mkono, nakwenda zangu.

Nieleweni hapo. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa akikuita unaitika abee, na akikwambia jambo unasema ndiyo. Ulichokikubali utakijua mbele ya safari. Kumwuliza mtu mzima unasemaje, unasemaje, mara tatu nzima, ni utovu wa adabu, na kumwacha mlangoni na hapana, hilo kabisa huthubutu. Wenzangu wa Kiswidi wasipoelewa hunyamaza au huinua mabega. Mimi nilijiona bora kuliko wao. Nilijiona nina adabu.

Asubuhi moja ya Februari nilifika nikamkuta chini, kwenye mlango mkubwa wa jengo. Amekaa juu ya begi lake. Koti la sufu limefungwa vifungo vyote, chini yake gauni la kulalia, viatu vya theluji mguuni. Vidole vimekuwa vyeupe. Kijana wa ghorofa ya kwanza alikuwa amemfunika blanketi na ameshapiga simu ya dharura. Bibi aliponiona akasimama. Alisimama upesi, akashika begi, akanitazama nyuma ya mabega kama kuna kitu nimekuja nacho. Mtume! Sijawahi kutazamwa na mtu mwenye matumaini na hofu kwa pamoja namna ile.

Watu wa dharura wakampima, wakamrudisha ndani, na mtoto wake akaja kutoka Uppsala saa ile ile. "Unaona," akaniambia kwa unyonge, "anataka kuondoka mwenyewe." Nikasema moyoni, nani, huyu? Huyu wa kupiga meza?

Nilipofungua begi nilikuta mkate umefungwa kwenye taulo safi. Kijiko kimoja. Soksi za sufu jozi tatu. Mto wake wa manyoya umekandamizwa mpaka umekuwa bapa kama kiganja. Mtu aliyechanganyikiwa hapangi mzigo hivi, huyu amepanga safari. Nikakumbuka swali la mlangoni.

Nikamwomba mwanawe ruhusa nirekodi swali hilo kwa simu. Akakubali, bila kuuliza sana. Kesho yake nikarekodi pale pale mlangoni, swali na jibu langu, maana jibu lilinitoka kwa mazoea kabla sijalizuia. Mwanawe akaanza kutafuta mtu wa kulisikiliza. Aliandika huku na huku Ujerumani, mpaka akaelekezwa kwa mtaalamu mmoja mstaafu aliyetumia maisha yake kuwasikiliza wazee wa Pomerania. Jibu likaja baada ya siku chache. Mtoto wa Bibi alinipigia nikiwa chumba cha kufulia, kule Akalla, mashine zinazunguka.

"Anauliza hivi," akasema. "Mkokoteni unakuja kesho? Nijiandae?"

Nikasogea mbali na mashine nisikie vizuri.

"Walipofukuzwa walikuwa wakiambiwa kila siku wajiandae, mkokoteni unakuja kesho," akaendelea. "Aliniambia nikiwa mdogo. Walilala na viatu." Wote wawili tulikuwa tumeisikia sauti yangu kwenye ile rekodi. Ndiyo, Bibi. Ndiyo.

Nilikaa chini sakafuni, kati ya makapu ya watu. Miezi mitatu mizima! Kila asubuhi mwanamke yule amemwuliza mtu wa pekee anayemjibu kama kesho atafukuzwa kwao, na mtu huyo, na tabasamu lake na adabu zake, anamwambia ndiyo. Na yeye anatulia, kwa sababu angalau ameambiwa. Anakaa ndani siku nzima anangoja. Nililia kwa sauti, mwanamume mmoja akaja kutoa nguo zake akarudi mlangoni taratibu.

Siku ya uamuzi tulikaa jikoni kwa Bibi. Yule mama wa manispaa, mkubwa wangu wa kazi, mtoto wa Bibi, na mimi nimesimama kwa sababu viti viliisha. Bibi mwenyewe alikuwa sebuleni akitazama theluji. Mama wa manispaa akasoma. Mteja hasemi maneno yanayoeleweka. Mteja ametoka nje peke yake kwenye baridi kali bila sababu. Alipofika hapo mtoto wa Bibi alinitazama, kisha akatazama meza. Hakunisema. Angeweza, hakufanya.

Ningeweza kunyamaza, na mkubwa wangu asingejua. Mimi mwenye mdomo wa kusahihisha watu harusini, nilikuwa naona ulimi umeganda.

"Sababu ipo," nikasema. "Sababu ni mimi."

Nikaeleza yote. Mkubwa wangu uso ukamshuka. Alijua atakachopaswa kuandika kwenye faili langu, kwamba mfanyakazi ameitikia miezi mitatu asichokielewa, na ameandika hivyo kweli, sina kinyongo. Mama wa manispaa akaweka kalamu chini. Akauliza, je, kuna siku Bibi hakujibiwa ndiyo? Zipo, nikasema. Wiki nzima niliyougua mafua alikwenda mwenzangu, Mswidi, asiyeitikia. Wakafungua daftari la ziara. Wiki ile Bibi aliandikwa mnyonge, hana hamu ya kula. Kutoka hakutoka. Nilipopona mafua nikaanza tena ndiyo zangu, na siku ya nne akawa yuko chini na begi.

"Kwa hiyo hapotei," mama yule akasema polepole. "Anafanya alichoambiwa." Akaandika kwa muda mrefu. Kisha akauliza, sasa nani atamwambia hapana?

Nilifungua mdomo. Lakini mtoto wake akawahi. "Mimi," akasema. "Nimestaafu tangu mwaka jana, naweza kuhamia hapa." Akatoa karatasi mfukoni. Mtaalamu wa Ujerumani alikuwa amemwandikia sentensi chache, na kumtumia sauti yake akizisoma.

Tukaenda sebuleni. Akapiga goti mbele ya mama yake, mtu mzima yule, miwani imeteleza puani, akasoma. Mkokoteni hauji. Uko nyumbani kwako. Alisoma vibaya, hata mimi nilisikia kwamba anasoma vibaya. Bibi akamkodolea macho. Akacheka. Halafu akamshika mwanawe kidevu kama anavyoshikwa mtoto anayefundishwa kusema, na akamrudia sentensi ile, taratibu, inavyotakiwa. Akairudia tena. Mwanawe akaifuata.

Akabaki kwake. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka, na nilifurahi, sisemi uongo. Lakini niliposimama pale niliona wivu, wivu wa kweli. Nilimwona yule mwanamume amepewa mama, na mimi nimenyang'anywa mtu wa kusema naye. Ziara za asubuhi zikafutwa, kwa sababu sasa yuko mtu nyumbani. Nikapangiwa wazee wengine upande mwingine wa Sundbyberg. Watu wema, wanasema Kiswidi safi. Naingia, naogesha watu, natoka. Nikirudi Akalla naongea na sufuria.

Mwezi wa tano nilikutana na mtoto wa Bibi stesheni ya Rissne, juu pale kwenye lango, amebeba mifuko ya sokoni. Alifurahi kuniona. Akaniambia sasa ana daftari zima, mama yake anamfundisha kila siku, na mtaalamu anamsaidia kwa simu. Nikamwuliza naweza kupanda kumsalimu? Akasita. Akasema kwa upole kwamba amelala, siku hizi analala sana mchana, na akiamka anachoka na watu wawili. Nikasema haidhuru.

"Kuna neno moja tu limetushinda," akasema, akaweka mifuko chini na kutoa daftari. "Nilijigonga goti kwenye meza. Akanishika mkono akaniambia. Sasa nikikohoa ananiambia. Mtaalamu hajawahi kulisikia kwa mzee yeyote wa Pomerania." Akasoma alivyoandika, herufi kwa herufi, kama neno moja. "Polesana."

Watu walikuwa wakitupita kuingia langoni. Bega la kushoto la Bibi lilikuwa na maumivu, na kila nilipoliinua kumvika sweta lazima nilimwambia hivyo, bila kujua kama nasema. Nikamweleza kwamba hilo si la Pomerania, ni la kwetu. Linasemwa kwa mtu aliyepatwa na jambo.

Akaandika. Kisha akauliza, "Na mimi namjibu nini?"

"Mjibu nimeshapoa."

"Hata kama goti bado linauma?"

"Hata kama bado linauma," nikamwambia.